Meru, Mji wa Kathita: Historia ya Mahali Penye Vitovu Viwili

Mji wa Meru umekaa kwenye mteremko wa Mlima Kenya unaotazama mashariki na kaskazini, kilomita chache tu kupita mstari wa ikweta, katika kimo cha takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kupitia humo hushuka Mto Kathita ukitoka milimani kuelekea nchi kame ya Tharaka na hatimaye Mto Tana. Ndio makao makuu ya Kaunti ya Meru, ambayo kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 1,545,714, na ndio mji ambao wakazi wa Nkubu, Timau, Kianjai, Muthara na Maua huufikia kwa ajili ya mahakama, hospitali ya rufaa, ofisi za serikali na soko kubwa. Kwa mgeni, ni mji wa ukubwa wa kadiri unaofanana na miji mingine ya nyanda za juu za Kenya, yenye barabara kuu moja iliyojaa maduka, kituo cha matatu, makanisa na benki. Mwenye kuichunguza historia yake, hata hivyo, huona kwamba tangu mwanzo mamlaka ya nchi ya Wameru yamekuwa na vitovu viwili: kimoja ni boma la serikali lililojengwa mjini mwanzoni mwa karne ya ishirini, na cha pili ni baraza la wazee la Njuri Ncheke, ambalo nyumba yake iko Nchiru, kwenye barabara ya kuelekea Tigania na Igembe. Majengo, misitu, masoko na vivuko vinavyohesabiwa leo kuwa alama za mji huu hupata maana kamili pale vinapotazamwa kama matokeo ya mapatano, na mara nyingine mivutano, kati ya vitovu hivyo viwili.

Mahali na maji

Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, huzuia pepo zenye unyevu zinazovuma kutoka Bahari ya Hindi, na kwa sababu hiyo upande wake wa mashariki hupata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini, ambako ardhi ya Timau na Isiolo huwa kavu kadiri mtu anavyouacha mlima nyuma. Mvua huja kwa misimu miwili, ya kwanza kati ya Machi na Mei na ya pili kati ya Oktoba na Desemba, na katika sehemu hii ya nchi msimu wa pili ndio unaotegemewa zaidi na wakulima. Udongo wake ni wa asili ya volkano, mwekundu na wenye rutuba, kwa kuwa mlima wenyewe pamoja na safu ya vilima vya Nyambene iliyo kaskazini-mashariki mwa mji ni mabaki ya volkano zilizozimika zamani. Vilima hivyo ndivyo nchi ya Watigania na Waigembe, na Muthara, ambayo leo ni wadi ya eneo bunge la Tigania Mashariki, imo upande wa Tigania wa safu hiyo.

Kutokana na tofauti za kimo, nchi nzima imegawanyika katika kanda ambazo kila mkulima wa Meru huzifahamu. Juu kabisa ni msitu, chini yake ni kanda ya majani chai, kisha hufuata kahawa, ndizi na viazi, na baadaye, joto linapozidi na mvua kupungua, hufuata mahindi, mtama, uwele na malisho ya mifugo. Mito ya Kathita, Thingithu, Mutonga na Nithi huzikata kanda hizo zote kwa mabonde yenye kina, ikitiririka sambamba kuelekea Tana, na mpangilio huo una athari mbili kubwa katika historia. Kwanza, kila ukingo wa ardhi ulio kati ya mito miwili ulikuwa kama nchi ndogo yenye koo na mabaraza yake, kwa sababu kuvuka bonde kulikuwa kazi ngumu kuliko kupanda au kushuka ukingo wenyewe. Pili, watu wa juu na watu wa chini walihitajiana, wa juu wakiwa na ndizi, viazi vikuu na mbao, wa chini wakiwa na nafaka, asali na mbuzi, na kwa hiyo masoko yalizuka katika sehemu za kati ambako kanda hizo hukutana. Mji wa Meru uko katika mojawapo ya sehemu hizo za kati, na hali hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini biashara ilishamiri hapo hata pale serikali ilipoupa mji mwingine kipaumbele.

Kabla ya boma

Wameru ni jina la pamoja la jamii kadhaa zinazozungumza lahaja za Kimeru, zikiwemo Imenti, Tigania, Igembe, Miutini, Igoji, Mwimbi, Muthambi, Chuka na Tharaka. Masimulizi ya wengi wao husema kwamba mababu waliishi mahali palipoitwa Mbwaa, penye maji pande zote, wakitumikishwa na watu waliokumbukwa kwa jina la Nguo Ntune, yaani watu wa mavazi mekundu, hadi walipotoroka wakiongozwa na kiongozi aliyetajwa kwa jina la Koome Njue na kuanza safari ndefu ya kuelekea mlimani. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee na kuchapisha kitabu kuhusu historia ya Wameru mwaka 1993, aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na akaona kwamba wahamaji walifuata bonde la Mto Tana kuingia bara. Wataalamu wengine hawakuikubali tafsiri hiyo yote, lakini hakuna anayekana kwamba masimulizi yenyewe yana uzito mkubwa, kwa kuwa yanaufanya mto unaopokea maji ya Kathita kuwa njia iliyowaleta watu katika nchi yao.

Jamii hizo hazikuwa na mfalme. Utawala ulitegemea marika, yaani makundi ya watu waliotahiriwa katika kipindi kimoja na kupanda pamoja kutoka ujana wa kivita hadi uzee wa kuamua kesi, na ulitegemea pia mabaraza yaliyoitwa kiama. Juu ya mabaraza ya vijiji na ya koo palikuwa na njuri, baraza la wazee waliochaguliwa kwa hekima na uadilifu wao, na daraja lake lililopata sifa kubwa zaidi ni Njuri Ncheke. Pembeni mwa mabaraza alikuwapo Mugwe, kiongozi wa baraka na sala ambaye hakutawala kwa amri, na ambaye mtafiti Mwitaliano Bernardo Bernardi alimwandikia kitabu kizima mwaka 1959. Wanawake nao walikuwa na mabaraza yao yaliyosimamia unyago, uzazi na nidhamu ya mabinti, ingawa hawakuketi katika njuri, na upungufu huo ungekuja kuonekana wazi katika miaka ya 1950.

Dhana kwamba nchi hii ilikuwa imefungika mpaka Wazungu walipofika haina msingi. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuwa imeshaifikia safu ya Nyambene, ambayo katika vitabu vya wasafiri wa wakati huo iliitwa Jombeni, ikitafuta pembe za ndovu na chakula cha wapagazi. Mmarekani William Astor Chanler, aliyesafiri huko mwaka 1892 na 1893 pamoja na Ludwig von Höhnel, alitegemea watu wa pwani katika msafara wake, na kitabu alichochapisha mwaka 1896 kinaeleza mashamba yaliyopandwa vizuri na wapiganaji waliokuwa tayari kuilinda nchi yao. Arthur Neumann, mwindaji wa ndovu, alifika katika miaka hiyohiyo. Kiswahili kwa hiyo kiliingia Meru kama lugha ya soko kabla ya kuwa lugha ya ofisi.

Boma la mwaka 1908

Utawala wa Waingereza ulipanda kuelekea Meru kutoka kusini. Mwaka 1906 jeshi la kikoloni liliwashambulia Waembu, likawanyang'anya mifugo mingi, na baada ya hapo kikaanzishwa kituo cha serikali ambacho leo ni mji wa Embu, kando ya Mto Rupingazi. Habari za kipigo hicho zilienea haraka katika jamii jirani, na huenda ndizo zilizowafanya wazee wengi wa Meru kuona kwamba mapatano yangewagharimu damu kidogo kuliko vita. Mwaka 1908 Edward Butler Horne, ofisa kijana ambaye wenyeji walimwita Kangangi kwa sababu ya tabia yake ya kuzungukazunguka nchini, aliweka kituo chake katika nchi ya Imenti, pembezoni mwa msitu na karibu na maji ya Kathita. Nchi kubwa na yenye watu wengi ikaingia chini ya utawala wa kigeni bila vita vikubwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika miaka hiyo ya uvamizi.

Mahali palipochaguliwa palikuwa na sifa zote zilizohitajiwa na boma la kikoloni: hewa ya baridi, maji ya kutosha, mbao za kujengea na njia za kuelekea kusini, Nyambene na nchi za wafugaji wa kaskazini. Kutoka hapo serikali iliteua machifu, ikatoza kodi ya nyumba na kuwaita watu kazini katika ujenzi wa barabara. Karibu na ofisi yalizuka maduka ya Wahindi na makazi ya askari, wapishi, makarani na wafanyabiashara Waislamu, wengi wao wakiwa Waswahili na Wasomali, ambao walijenga msikiti na mtaa unaoitwa Majengo, kama ilivyotokea katika miji mingi ya bara. Mji wa Meru kwa hiyo ulikuwa tangu siku zake za mwanzo mahali pa watu wa asili mbalimbali ndani ya nchi ya wakulima wa asili moja.

Alama kuu ya kipindi hicho ni jengo la mawe lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, ambalo ni miongoni mwa majengo ya zamani zaidi yaliyosalia mjini. Mwaka 1974 jengo hilo lilifunguliwa kuwa Jumba la Makumbusho la Meru, na ndani yake na katika uwanja wake huonyeshwa zana za kilimo na za nyumbani, mfano wa boma la Kimeru, mimea ya dawa na habari za miraa. Uamuzi wa kuigeuza ofisi ya kodi kuwa nyumba ya kutunzia kumbukumbu za waliotozwa kodi ulikuwa tendo la kisiasa lenye busara, kwani uliliacha jengo likiwa ushahidi wa ukoloni na wakati huohuo ukawakabidhi wenyeji haki ya kusimulia yaliyopita kwa sauti yao.

Misheni na ramani ya elimu

Wamisionari walifuata nyuma ya boma kwa miaka michache. Mapadri wa Shirika la Consolata, kutoka Torino nchini Italia, waliingia Meru mwaka 1911, na mwaka 1912 Wamethodisti wa Uingereza wakaanza kazi yao Kaaga, karibu na mji. Wamethodisti hao hawakuwa wageni Afrika Mashariki, kwani kanisa lao lilikuwa na misheni Ribe, nyuma ya Mombasa, tangu mwaka 1862, na baadaye Golbanti kwenye Mto Tana, na kwa hiyo Meru iliunganishwa tena na pwani, safari hii kwa njia ya kanisa. Upande wa kusini, daktari Archibald Irvine wa Kanisa la Skotland alifungua misheni na hospitali ya Chogoria mwaka 1922, na mwishoni mwa miaka ya 1920 Wamethodisti wakaanza huduma ya hospitali Maua, katika nchi ya Igembe.

Mgawanyo huo wa madhehebu ulichora ramani ya elimu ambayo bado inaonekana. Kaaga palikua kuwa mahali pa shule na vyuo, na hapo ndipo Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya kilipoanzishwa mwaka 1997 na kupewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2006. Wakatoliki nao waliimarisha parokia, shule na hospitali hadi eneo lao likatangazwa kuwa jimbo dogo la kimisionari mwaka 1926 na jimbo kamili mwaka 1953, likiwa na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu mjini Meru. Mzazi wa Imenti au Tigania aliyempeleka mwanawe shule katika miaka ya 1930 alikuwa pia anachagua kanisa, na mara nyingi alikuwa anachagua pia umbali wa mtoto huyo na baraza la wazee, kwa sababu wamisionari wa mwanzo waliyaona mabaraza hayo kuwa ni upagani uliopaswa kukomeshwa.

Nyumba ya Nchiru

Kwa takriban robo karne ya kwanza ya ukoloni Njuri Ncheke iliendesha shughuli zake kwa siri. Serikali ilitaka kesi ziamuliwe na machifu iliowateua yenyewe, na misheni zilitaka waumini wajitenge na viapo vya jadi, lakini watu waliendelea kuwaendea wazee katika migogoro ya ardhi, mahari na uchawi, kwa kuwa hukumu ya chifu ilitekelezwa kwa nguvu ya askari ilhali hukumu ya wazee ilitekelezwa kwa nguvu ya kiapo ambacho kila mtu alikiogopa. Katika miaka ya 1930 baadhi ya wakuu wa wilaya walitambua kwamba utawala wao haungeweza kusimama bila baraza hilo. Aliyekuwa mashuhuri zaidi kati yao ni H. E. Lambert, ofisa aliyekuwa pia mtafiti wa mila na lugha, ambaye aliipa Njuri Ncheke nafasi rasmi katika utawala wa wilaya. Baadaye njia ilipatikana ya kuwaingiza Wakristo bila kuwalazimisha kushiriki ibada walizozikataa, na baraza likawa mahali ambapo mzee wa jadi na mwalimu wa misheni waliweza kuketi pamoja.

Nyumba ya baraza hilo iko Nchiru, katika Tigania Magharibi, kando ya barabara inayotoka Meru kuelekea Kianjai, Muthara na Maua. Kwa macho ni jengo la kawaida, lakini kwa Wameru ni mahali patakatifu ambapo maamuzi yanayohusu jamii nzima hutangazwa, na kuwa kwake nje ya mji kuna maana kubwa, kwa kuwa mwenye kutafuta hukumu ya wazee hulazimika kuliacha boma nyuma yake. Ushawishi wa baraza katika maendeleo ya kisasa unaonekana jirani yake, ambako Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake mwaka 2013, kimejengwa kwenye ardhi ya zaidi ya ekari 600 ambayo wazee wa Njuri Ncheke waliitenga kwa ajili ya elimu. Ni nadra katika Kenya kukuta chuo kikuu cha umma kinachodaiwa shukrani na baraza la jadi kwa kiasi hicho.

Historia ya Nchiru, hata hivyo, haiwezi kuandikwa kama historia ya ushindi peke yake. Mwezi wa Aprili mwaka 1956 Njuri Ncheke, kwa kuungwa mkono na serikali, ilitangaza hapo marufuku ya ukeketaji wa wasichana. Katika miaka mitatu iliyofuata wasichana wengi walikataa agizo hilo na wakajikeketa wao kwa wao kwa kutumia wembe, wakijulikana kwa jina la Ngaitana, na mwanahistoria Lynn Thomas ameonyesha kwamba zaidi ya watu 2,400, wakiwemo wasichana wenyewe na wazazi wao, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika. Ukeketaji ni desturi yenye madhara makubwa kwa afya na maisha ya mwanamke, na leo umepigwa marufuku na sheria ya Kenya, lakini upinzani wa wakati ule unafundisha jambo lisilopaswa kusahaulika: amri kuhusu miili ya wasichana ilitolewa na wazee wa kiume na maofisa wa kikoloni bila kuyashirikisha mabaraza ya wanawake yaliyokuwa yakisimamia unyago tangu zamani. Vitovu viwili vya mamlaka vilikubaliana, na bado vilishindwa kutiiwa, kwa sababu nusu ya jamii haikuwa na kiti katika chochote kati ya hivyo viwili.

Dharura na uhuru

Tangazo hilo lilitolewa wakati wa Hali ya Hatari iliyoanza Oktoba 1952, ambapo misitu ya Mlima Kenya iligeuka kuwa uwanja wa vita kati ya wapiganaji wa Mau Mau na majeshi ya Uingereza. Wapiganaji wa Meru walijificha katika msitu uleule unaoufikia mji, na miongoni mwa viongozi wao Musa Mwariama, mzaliwa wa Tigania, alipata cheo cha jemadari mkuu na akasalia msituni bila kukamatwa hadi uhuru, ambapo picha yake akiwa pamoja na Jomo Kenyatta ikawa miongoni mwa picha zinazokumbukwa sana za mwisho wa vita hivyo. Alifariki dunia mwaka 1989. Baimungi, kiongozi mwingine wa wapiganaji wa Meru, hakuridhika na namna wapiganaji wasio na ardhi walivyotendewa baada ya uhuru, akarudi msituni na kuuawa na majeshi ya serikali mpya mwaka 1965. Hatima za watu hao wawili zinaonyesha kwamba swali la ardhi halikumalizwa na bendera.

Upande wa siasa za kura, Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, alimshinda Eliud Mathu katika uchaguzi wa mwaka 1957, uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria, ambapo katika Mkoa wa Kati kura ilizuiliwa kwa waliohesabiwa kuwa watiifu kwa serikali. Baada ya uhuru Jackson Angaine wa Meru aliteuliwa kuwa Waziri wa Ardhi na Makazi. Hata hivyo, mipaka mipya ya mikoa iliitia Wilaya ya Meru katika Mkoa wa Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Embu, na mji wa Meru ukabaki kwa nusu karne kuwa mji wa wilaya. Mwaka 1992 wilaya yenyewe ilimegwa, zikazaliwa wilaya za Tharaka Nithi na Nyambene, na Maua ukawa makao ya hiyo ya pili. Ni Katiba ya mwaka 2010 na serikali za kaunti zilizoanza kazi mwaka 2013 zilizorudisha Imenti, Tigania na Igembe chini ya makao makuu mamoja, na kuuweka mji wa Meru sawa na Embu kwa hadhi ya kiutawala.

Soko na barabara

Reli ilifika Nanyuki mwaka 1930 na haikuendelea hadi Meru, na kwa hiyo mji huu ulikua kwa nguvu ya barabara. Kwa miaka mingi njia ya kuaminika ya kwenda Nairobi ilizunguka mlima kupitia Timau na Nanyuki, kwa sababu upande wa mashariki mabonde ya mito yalikuwa kizuizi kikubwa, mpaka barabara ya lami ya Embu hadi Meru ilipokamilika katika miaka ya 1980 na kuivuka mito hiyo kwa madaraja, likiwemo la Mto Nithi ambalo limejulikana kwa huzuni kutokana na ajali nyingi.

Zao la kwanza la biashara lililoubadilisha mji ni kahawa. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa imewazuia Waafrika kulima kahawa kwa ajili ya kuwalinda walowezi, iliruhusu majaribio katika miaka ya 1930 huko Meru, Embu na Kisii, na wakulima wa Imenti wakajiunga katika vyama vya ushirika ambavyo baadaye viliingia pia katika maziwa na mikopo. Fedha za kahawa ndizo zilizolipa karo na kujenga nyumba za mabati, na bei ya kahawa ilipoporomoka mwishoni mwa karne, mji ulitikisika pamoja na wakulima. Chai, inayosindikwa katika viwanda kama Imenti, Kiegoi na Michimikuru, na ndizi zinazouzwa kwa wingi katika soko la Gakoromone, zimeziba sehemu ya pengo hilo.

Miraa ina historia ya namna yake. Mti huu umelimwa katika safu ya Nyambene tangu zamani, na machipukizi yake yalitumiwa na wazee katika mashauri, upatanisho na posa kabla ya kuwa bidhaa ya kimataifa. Kemikali inayowachangamsha watafunaji, iitwayo kathinoni, hupungua nguvu upesi baada ya machipukizi kukatwa, na ndiyo sababu mabunda hufungwa kwa majani ya mgomba ili yasinyauke, na magari ya miraa hukimbia usiku na mchana kutoka Maua na masoko ya Igembe na Tigania kuelekea Nairobi. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ikafunga soko lake mwaka 2020 na kulifungua tena mwaka 2022, na katika kila tukio familia nyingi za Nyambene zilijikuta zikitegemea maamuzi ya miji mikuu ya mbali. Mabishano kuhusu afya ya watafunaji na watoto wanaoacha shule ili kuchuma miraa ni ya haki, lakini hayawezi kuzungumzwa kwa uadilifu bila kutaja kwamba zao hili ndilo linalolisha nyumba nyingi katika nchi ya Muthara na majirani zake.

Mtaa wa Makutano, wenye hoteli na biashara nyingi, umekua kutokana na wingi huo wa njia. Uwanja wa michezo wa Kinoru ulikarabatiwa kwa matayarisho ya mashindano ya kandanda ya Afrika ya mwaka 2018, ambayo Kenya ilinyang'anywa haki ya kuyaandaa, na tarehe 1 Juni mwaka huo ukawa mahali pa sherehe za kitaifa za Siku ya Madaraka.

Msitu, ziwa na mto kama kumbukumbu

Orodha ya alama za mji wa Meru huishia mara nyingi kwenye majengo, ilhali zile kongwe zaidi hazikujengwa na mtu. Msitu wa Imenti, ambao ni mkono wa msitu wa Mlima Kenya, umezunguka sehemu za mji na ndani yake hukua muuru, mti ujulikanao kitaalamu kwa jina la Vitex keniensis, wenye mbao ngumu na nzuri zilizowavutia wakataji tangu siku za boma. Mti mmoja mkubwa sana wa aina hiyo umehifadhiwa na kupewa sifa ya mfalme wa miti yote ya muuru. Katika msitu huohuo limo Ziwa Nkunga, ziwa la kreta ambalo wazee walilihesabu kuwa takatifu, na masimulizi ya joka lenye vichwa vingi linaloishi humo yaliwaweka watu mbali na kingo zake kwa ufanisi ambao sheria za misitu hazijaufikia. Mlima wenyewe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, na mwaka 2013 eneo hilo likapanuliwa kuingiza hifadhi ya Lewa na msitu wa Ngare Ndare, ambako njia ya ndovu hupita chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru.

Kathita, hata hivyo, hauna ulinzi unaolingana na nafasi yake katika historia. Juu ya mji maji yake huchotwa kwa mabomba na mifereji ya umwagiliaji, mjini hupokea taka za soko na majitaka ya makazi yanayoongezeka, na chini yake watu wa Tharaka, ambao mvua yao ni haba, husubiri kile kilichosalia. Kanuni za Kenya zinataka ukingo wa mto uachwe bila ujenzi wala kilimo kwa upana wa kati ya mita 6 na mita 30, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa maji vinavyoweza kuwaketisha pamoja wa juu na wa chini. Upande wa mila, Njuri Ncheke ingali na uwezo wa kulitangaza jambo kuwa mwiko na kusikilizwa na wazee wa kila kijiji, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu mandhari yenye thamani ya kihistoria kulindwa kama jengo linavyolindwa.

Historia ya Meru kwa hiyo inatoa funzo lililo wazi kuhusu jinsi mto huo unavyoweza kuokolewa. Amri za serikali peke yake zilishindwa katika miaka ya 1920, maagizo ya wazee yaliyoungwa mkono na serikali yalishindwa mwaka 1956 kwa sababu wanawake waliachwa nje, na mambo yaliyofanikiwa, kama kutengwa kwa ardhi ya chuo kikuu Nchiru, yalifanikiwa kwa sababu boma na njuri vilifanya kazi pamoja na watu wakaona faida yake katika maisha ya watoto wao. Kwa kuwa katika nyumba nyingi za bonde la Kathita wanawake ndio wanaoteka maji, mpango wowote wa kuulinda mto huu unapaswa kuanzia kwenye baraza ambalo ndani yake wamo maofisa wa kaunti, wazee wa Njuri Ncheke, wakulima wa juu, watu wa Tharaka na wanawake hao wenye haki sawa ya kusema na kuamua.